Mjane wa Luther na Hati za Mirathi, 1542–1552

Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa hujifunza kwa makini habari za kifo cha Martin Luther huko Eisleben, tarehe 18 Februari 1546. Hujifunza pia juu ya ndoa yake na Katharina von Bora ya mwaka 1525, kwa kuwa ndoa ile ilikuja kuwa kielelezo cha nyumba ya mchungaji wa Kilutheri. Lakini ile miaka sita na miezi kumi ambayo Katharina aliishi akiwa mjane hupitwa kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba historia ya nyumba ile ilizikwa pamoja na mwenye nyumba. Sisi tunaona kwamba miaka hiyo yastahili kusomwa na kila anayejiandaa kwa utumishi wa usharika. Ndani yake limo swali ambalo mchungaji hukutana nalo kabla hata matanga hayajaanuliwa: marehemu ameacha haki fulani, ni nani atakayemsaidia mjane kuifikia?

Tuanze na wosia. Luther aliuandika tarehe 6 Januari 1542. Alimwachia Katharina, kwa matumizi yake maisha yote, shamba la Zülsdorf, nyumba ndogo iliyokuwa karibu na makao yao mjini Wittenberg, pamoja na vikombe na vito vya thamani. Sababu alizozitoa ni tatu. Katharina alikuwa amemtunza kama mke mwaminifu. Deni lililobaki, kiasi cha guldeni 450, angelilipa yeye. Na tena Luther hakutaka mama awe wa kuangalia mikono ya watoto, bali watoto waiangalie mikono ya mama. Sababu hii ya tatu ndiyo nzito, maana ilikwenda kinyume cha sheria ya nchi. Sheria ya Saksonia haikumhesabu mke kuwa mrithi wa mumewe. Mjane alistahili vitu fulani vya nyumbani na kile alichotengewa rasmi kwa ajili ya ujane wake, na mbele ya sheria alihitaji mlezi mwanamume wa kusema kwa niaba yake.

Luther aliyajua hayo yote, wala hakujali. Alikataa makusudi kuufuata utaratibu wa wanasheria, akidai kwamba mtu aliyejulikana kama yeye hakuhitaji mthibitishaji wa serikali ili mwandiko wake uaminiwe. Tunamheshimu sana mwalimu wetu huyu, lakini hapa hatuna budi kusema kwamba dharau yake kwa wanasheria ilimgharimu mkewe. Upendo wa wosia ule hauna shaka. Uhalali wake mbele ya mahakama ulikuwa na shaka kubwa.

Kilichouokoa ni sahihi za marafiki. Chini ya maandishi ya Luther walitia sahihi Philipp Melanchthon, Caspar Cruciger na Johannes Bugenhagen. Huyu Bugenhagen tumwangalie kwa karibu. Alikuwa mchungaji wa usharika wa Wittenberg. Ndiye aliyewafungisha ndoa Luther na Katharina tarehe 13 Juni 1525. Ndiye aliyehubiri siku ya mazishi, tarehe 22 Februari 1546, naye Melanchthon akatoa hotuba kwa niaba ya Chuo Kikuu. Kwa wengi wetu kazi ya mchungaji ingekuwa imekwisha hapo. Kwa watu hawa wawili sehemu ngumu ndiyo kwanza ilianza.

Mshahara wa Luther ulikoma alipokufa, wala Chuo Kikuu hakikuwa na malipo ya wajane. Watoto wanne waliobaki hai walikuwa wadogo kisheria. Mkubwa, Johannes, alikuwa na miaka 19, na Margarete, kitinda mimba, miaka 11. Marafiki walipeleka shauri kwa mtawala wa Saksonia, Johann Friedrich, naye akauthibitisha wosia katika mwaka ule ule wa 1546, akateua walezi wa mjane na wa watoto. Hata hivyo, upinzani ulikuwapo. Kansela Gregor Brück alimwona Katharina kuwa mwanamke wa matumizi makubwa, akashauri nyumba ipunguzwe na wana watengwe naye ili wakasome mahali pengine. Alipinga pia ununuzi wa shamba la Wachsdorf, ambalo Katharina alilitaka kwa ajili ya riziki ya watoto. Mjane hakukubali. Alibaki na watoto wake, shamba likanunuliwa, naye akaendelea kupokea wapangaji katika nyumba kubwa ya watawa ambamo familia iliishi. Msomaji aliyewahi kuketi katika kikao cha ukoo, wajomba na baba wadogo wakimpangia mjane maisha yake mbele ya macho yake, hatahitaji ufafanuzi zaidi.

Kisha vita vikaja. Johann Friedrich alishindwa na kutekwa huko Mühlberg tarehe 24 Aprili 1547, akapoteza cheo chake na mji wa Wittenberg. Kwa hiyo aliyeuthibitisha wosia hakuwa tena na uwezo wa kumsaidia mjane. Katharina alikimbia mpaka Magdeburg, kisha Braunschweig, na aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa na kodi za vita zikimngoja.

Lilibaki tumaini moja la nje. Mfalme Christian III wa Denmark alikuwa akimpa Luther posho ya kila mwaka ya taleri 50, na vilevile Melanchthon na Bugenhagen. Je, posho ile ilikufa pamoja na aliyepewa? Hapakuwa na sheria ya kujibu swali hilo. Palikuwa na barua tu. Katharina alimwandikia mfalme mwaka 1547, akaandika tena mwaka 1550, na tena mwaka 1552. Bugenhagen naye alimwombea kwa mfalme, na neno lake lilikuwa na uzito, kwa kuwa ndiye aliyemtia taji mfalme huyo mjini Copenhagen mwaka 1537 na kulitengeneza Kanisa la Denmark. Mfalme alikuwa mwema. Lakini mjane aliyekuwa na jina kubwa kuliko wajane wote wa Matengenezo alilazimika kuomba upya, mwaka baada ya mwaka, kile ambacho wengine walikihesabu kuwa ni fadhili.

Mwaka 1552 tauni iliingia Wittenberg. Katharina alisafiri na watoto kwenda Torgau. Njiani farasi walishtuka, naye akaanguka mtaroni penye maji baridi. Aliugua kwa muda wa miezi mitatu, akafariki tarehe 20 Desemba 1552, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini humo.

Makanisa ya Kilutheri yalichukua muda mrefu kujifunza kutokana na haya. Mahali pengi ulianzishwa mwaka wa neema, yaani muda wa miezi sita au mwaka mzima ambao mjane aliendelea kupokea mapato ya usharika wa mumewe. Kaskazini mwa Ujerumani na Denmark palikuwa pia na desturi ya mchungaji mpya kumwoa mjane wa aliyemtangulia, ili nyumba na riziki visitengane naye. Desturi hiyo inatukumbusha sana kurithi wajane ambako wamisionari kutoka Ujerumani walikukemea katika nchi yetu. Sijui kama walikumbuka ya kwao.

Hatua kubwa ilitoka kwa Wapresbiteri. Mwaka 1744 mfuko wa wajane wa wachungaji wa Uskoti ulipata nguvu ya sheria, baada ya wachungaji Alexander Webster na Robert Wallace kufanya hesabu za vifo na za wajane. Mchungaji alichagua daraja moja kati ya manne ya michango, na mjane wake alipata kati ya pauni 10 na 25 kila mwaka. Kiasi kilijulikana kabla ya kifo. Mjane hakumwandikia mfalme yeyote. Karne moja baadaye, mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aliukagua mfuko wa wajane wa maprofesa wa Göttingen kwa njia za namna hiyo.

Nchini Tanzania haki hiyo imo katika sheria, kwa walioandikishwa NSSF na kwa watumishi wa umma walio chini ya PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyotangulia. Hapa si fadhili inayokosekana, bali karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mara nyingi barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Mjane ambaye jina lake kwenye cheti cha ndoa linatofautiana kwa herufi mbili na lile alilolijaza marehemu kazini anaweza kuzungushwa kwa miezi mingi. Cheti kile tulikiandika sisi wachungaji, na nakala yake ipo, au ilipasa iwepo, katika kitabu cha ndoa cha usharika. Mjane ajapo ofisini kuomba kitafutwe, huja siku ya kazi, mara nyingi peke yake, na nauli ya kwenda wilayani ameikopa.