Kutoka Luvungi hadi Mahakamani

Historia ya nchi yetu haimo katika majina ya marais pekee. Imo pia katika barabara ya Walikale, Kivu Kaskazini.

Katika wilaya hiyo kuna mgodi wa Bisie, uliotoa madini mengi ya bati. Vikundi vyenye silaha viligombea utajiri huo, na raia wakalipa gharama. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, wapiganaji walivamia Luvungi na vijiji jirani. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 waliobakwa, wengi wao wanawake na wasichana.

Sheria haikukosekana. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 ziliadhibu ubakaji vikali, zikataka hukumu itolewe katika miezi mitatu tangu kesi ifike mahakamani. Lakini kesi yenyewe ilichelewa kufika. Hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka ilitolewa mwaka 2011. Alijisalimisha mwaka 2017. Mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha tarehe 23 Novemba 2020. Miaka kumi ilikuwa imepita.

Mwezi Desemba 2022 sheria nyingine ilianzisha mfuko wa fidia kwa waliodhulumiwa vitani, unaopewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Ni haki kwamba mali iliyovuta msiba ichangie uponyaji. Hata hivyo, fidia haimfikii mwanamke ambaye jina lake halijaandikwa popote, kwa kuwa aliona aibu, au familia yake ilipatana na mkosaji kwa mbuzi wawili.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Dada aliyedhulumiwa machimboni tusimwulize alifuata nini huko. Tumsindikize hospitalini kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na daktari aandike cheti kitakachomtetea mbele ya hakimu. Tuitunze siri yake. Akikubali, tumpeleke kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia.

Mjane wa Injili ya Luka alirudi kwa hakimu mara nyingi, naye alikuwa peke yake. Je, dada zetu nao watakwenda peke yao, ilhali sisi tupo?