Nani Alibeba Boti? Sanamu ya Mpelelezi katika Historia Mbadala

Insha hii inahusu kitu kidogo kinachoenea kiganjani: sanamu ya mpelelezi mwanajeshi inayotumika katika michezo ya vita ya mezani. Kimo chake ni kama milimita 25. Hutengenezwa kwa madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kisha mnunuzi huipaka rangi mwenyewe: koti jekundu, kofia ngumu nyeupe, mkanda wa bastola kiunoni. Wapo wanaozichezea sanamu hizi kwa dadu na rula, na wapo wanaozikusanya na kuzipanga kabatini tu.

Michezo hii haikuanza kwa watoto. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wake wa vita, nao wakaukubali kwa kufunzia maafisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupiganisha wanajeshi wa kuchezea. Baadaye ikaingia historia mbadala, yaani historia inayouliza: ingekuwaje kama mambo yangekwenda vingine?

Mfano mzuri ni Space: 1889, mchezo uliotungwa na Frank Chadwick na kuchapishwa Marekani mwaka 1988. Humo, Thomas Edison anafika sayari ya Mirihi mwaka 1870. Waingereza wanamfuata na kuanzisha koloni huko. Meli zinapaa angani kwa sababu Mirihi kuna mti ambao mbao zake huelea hewani. Kwa hiyo sanamu ya mpelelezi wa Kiingereza inasimama juu ya mchanga mwekundu, bunduki mkononi, mgongo wake mtupu.

Mimi ninatoka magharibi mwa Uganda, na kwetu mwaka 1889 una habari nyingine. Ndio mwaka ambao msafara wa Henry Morton Stanley ulipita Nkore ukielekea pwani, ukiwa umemchukua Emin Pasha, gavana wa Ikweta. Msafara huo uliondoka Zanzibar Februari 1887 ukiwa na wapagazi zaidi ya 600, ukazunguka kusini mwa Afrika kwa meli hadi mto Kongo, kisha ukaingia msitu wa Ituri. Ulibeba bunduki ya Maxim na boti ya chuma iliyogawanywa vipande 12. Boti hiyo haikupaa. Penye maporomoko ya mto ilifunguliwa na kubebwa kwa nguvu za watu, na mwaka 1888 ikafikishwa Ziwa Albert kwa njia hiyohiyo. Wapagazi wengi walikufa msituni kwa njaa, maradhi na mishale. Desemba 1889 waliosalia walifika Bagamoyo.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mtunzi wa historia mbadala ana uhuru wa kubadili chochote. Katika mchezo huu amebadili sayansi, ameongeza sayari, lakini mpelelezi amebaki yuleyule na koloni ni lilelile. Kilichoondolewa ni kichwa kilichobeba mzigo. Mahali pake umewekwa mti unaoelea. Ni kweli kwamba wapo mafundi waliotengeneza pia sanamu za wapagazi na askari wa Kiafrika kwa michezo ya misafara ya karne ya 19. Hata hivyo, mpagazi huyo huwekwa mezani kama sehemu ya mali ya msafara, wala si yeye anayeamua njia.

Simlaumu mtu anayekusanya sanamu hizi. Kazi ya mikono ni kazi ya mikono. Ninachosema ni kwamba swali la "ingekuwaje kama" ni letu pia. Kwa kuhitimisha, ninapendekeza moja: ingekuwaje kama asubuhi moja huko Ituri wapagazi wote wangetua mizigo na kurudi makwao? Jibu halihitaji Mirihi. Boti ingebaki vipande 12 msituni, Maxim ingeota kutu, na Stanley asingeliona Ziwa Albert.