Kinu, Jembe na Vyuma: Historia ya Nguvu za Kifua Kitui na Makueni

Kwa vizazi vingi kabla ya kufunguliwa kwa vyumba vya mazoezi, ambavyo vijana huviita jimu, katika miji ya Kitui na Wote, miili ya Wakamba ilijengwa na kazi. Uwindaji kwa upinde, uchukuzi wa mizigo, utwangaji wa nafaka na uchimbaji wa makinga maji havikukusudiwa kukuza misuli, lakini kila kazi ilikuwa na namna yake ya kumzoesha mtu uzito hatua kwa hatua. Historia hiyo inamhusu moja kwa moja kijana anayeanza leo kujenga kifua, kwa sababu kanuni anayofundishwa kama jambo geni ilifuatwa na bibi na babu zake bila kuandikwa popote.

Ili kazi hizo zieleweke, ni vyema kwanza kueleza kifua chenyewe. Kila upande wa kifua una msuli mpana unaoanzia kwenye mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na sehemu ya juu ya kidari, pamoja na mfupa wa kidari na gegedu za mbavu, kisha ukakusanyika na kushika sehemu ya juu ya mfupa wa mkono. Msuli huu huuleta mkono mbele na katikati ya mwili, na husaidia kuushusha mkono ulioinuliwa juu ya kichwa. Kwa hiyo hukua kwa kazi za kusukuma, za kukumbatia na za kushusha kwa nguvu, ilhali kazi za kuvuta kuelekea mwilini hukuza zaidi misuli ya mgongo.

Kwa kipimo hicho, upinde ulikuwa hasa chombo cha mgongo. Mkono unaovuta uzi hutegemea misuli ya mgongo na ya nyuma ya bega, na mkono unaoshika upinde, ingawa husukuma mbele, hukaa bila kukunjwa na kukunjuliwa, hivyo kifua hupata kazi ndogo ya kutuliza bega. Wawindaji wa Kikamba walipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutoka kwa miti ya jenasi ya Acokanthera, sumu inayosimamisha moyo wa mnyama, na kwa sababu hiyo mshale ulihitaji kupenya ngozi tu ili ufanye kazi yake. Mvulana alianza na upinde mdogo wa kulenga ndege na wanyama wadogo, na kadiri alivyokua ndivyo upinde wake ulivyokuwa mrefu na mgumu zaidi, hata akafika kwenye upinde wa mtu mzima bila kuumiza bega.

Uwindaji huo uliendana na biashara ya masafa marefu iliyowafanya Wakamba wajulikane hadi Mombasa katika karne ya 19. Mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, Kivui Mwenda, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutokea Kitui, na aliporudi mwaka 1851 Kivui aliuawa katika safari waliyoifanya pamoja kuelekea mto Tana. Misafara ya namna hiyo, iliyobeba pembe za ndovu kuvuka nyika yenye maji haba, ilijenga miguu, mgongo na pumzi kuliko kifua.

Kazi iliyokigusa kifua kwa hakika ilikuwa ya wanawake, nayo imesahaulika mno inapozungumzwa habari ya nguvu. Muthokoi, chakula cha mahindi yaliyoondolewa maganda, huandaliwa kwa kutwanga punje zilizolowanishwa kidogo ndani ya kinu, na mtwangaji huinua mchi mzito juu ya kichwa kisha huushusha kwa nguvu, tendo linaloshirikisha kifua, mgongo na mikono kwa pamoja. Tendo hilo hurudiwa mara nyingi bila kukoma, tena mara kwa mara wanawake wawili au watatu wakipokezana mapigo katika kinu kimoja. Msichana alianza na mchi mwepesi na kibuyu kidogo cha maji, akapandishwa polepole hadi mzigo wa kuni uliobebwa mgongoni kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso. Mpangilio huo wa kupima kazi kwa umri ndio msingi wa kila mafunzo bora ya nguvu.

Utawala wa Uingereza ulileta namna nyingine ya kuutazama mwili. Wakamba walichukuliwa kwa wingi kama wapagazi wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye wakaandikishwa kwa idadi kubwa katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, kwa kuwa maofisa waliwahesabu kuwa kabila la kivita, dhana ya kikoloni iliyodai kwamba baadhi ya jamii zilizaliwa kwa ajili ya vita. Jeshi la Uingereza lilikuwa na wakufunzi maalumu wa mazoezi ya viungo tangu mwaka 1860, na kupitia magwaride ya aina hiyo mwili ulianza kuzoezwa kwa ajili ya mwili wenyewe, kwa hesabu na kwa amri, pasipo nafaka iliyotwangwa wala shamba lililolimwa mwishoni mwa zoezi.

Hata hivyo kazi kubwa zaidi ya karne ya 20 ilifanyika mashambani. Mmomonyoko wa udongo ulipozidi katika miaka ya 1930, serikali iliamua kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kumlalamikia gavana. Yeye alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini uuzaji wa lazima wa mifugo ukaachwa. Makueni, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, ilifunguliwa kwa makazi mapya baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kufyeka vichaka vilivyojaa mbung'o. Katika miaka ya 1950 na baadaye makinga maji ya fanya juu yakaenea, ambapo mtaro huchimbwa kwa kuukingama mteremko na udongo wake hutupwa upande wa juu ili ujenge ukingo. Vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, vilivyoongozwa kwa wingi na wanawake, viliinua udongo huo koleo baada ya koleo, na milima iliyokuwa imechakaa ikarudi kuwa mashamba.

Kanuni ya kuongeza uzito hatua kwa hatua, iliyofuatwa kwa desturi katika upinde na mchi, ilipewa sura ya kitaalamu mwaka 1945 na daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyewatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwanyanyulisha vyuma ambavyo uzito wake uliongezwa kadiri nguvu zilivyorudi. Anayeanza leo hana budi kuifuata njia hiyo: asukume ukuta akiwa amesimama, kisha ukingo wa benchi, kisha apige pushapu sakafuni, na baadaye alale chali asukume vyuma juu, hata kama ni vile vya saruji iliyomwagwa kwenye makopo. Seti tatu, yaani mafungu matatu ya marudio 8 hadi 12, mara mbili au tatu kwa juma zinatosha, huku kifua kikipumzishwa siku moja au mbili katikati, na mzigo ukiongezwa tu pale marudio yote yanapokamilika kwa mwendo ulio sawa. Majuma ya kwanza huongeza nguvu kuliko ukubwa, kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kuuamrisha msuli kabla msuli wenyewe haujanenepa, kwa hiyo asiyeona badiliko kwenye kioo hana sababu ya kuacha. Mazoezi ya kuvuta yaambatane na ya kusukuma, kwani kifua kilichokazwa peke yake huweza kuyavuta mabega mbele.

Chakula cha kujenga misuli pia kipo nyumbani. Utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinamtosha anayefanya mazoezi ya nguvu, na ndengu, kunde na mbaazi, mazao yanayostahimili ukame wa Kitui na Makueni, zikichanganywa na mahindi, maziwa na mayai, humfikisha hapo bila unga wa mkebe unaouzwa kwa bei ghali.

Kwa hiyo vijana wa Ukambani wanaoingia jimu na waingie wakijua kwamba hawaanzi historia, bali wanaiendeleza. Na wanapotafuta mfano wa subira, wawaulize kwanza wanawake waliotwanga muthokoi na kuchimba fanya juu, kwa maana hao ndio walimu wa kwanza wa nguvu katika nchi hiyo.