Dawa za akili na hedhi: ukweli uliochelewa karibu miaka 20

Kwetu hapa Kivu, binti akianza kunywa dawa za ugonjwa wa akili na hedhi yake ikakatika, majirani husema haraka: ana mimba. Wengine husema ugonjwa umemharibu kizazi. Huko Ulaya pia waganga walibabaika hivyo hivyo wakati dawa hizo zilipoanza, na iliwachukua muda mrefu kujua shida iko wapi.

Dawa ya kwanza ilitoka Ufaransa. Mwezi wa 12 mwaka 1950, mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc alitengeneza klopromazini. Henri Laborit, mganga mpasuaji wa jeshi, aliona namna inavyotuliza wagonjwa wake. Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Watu waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha walitulia, wakaweza kuzungumza na ndugu zao. Dawa ikaenea duniani kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 Paul Janssen akatengeneza haloperidoli huko Beerse, Ubelgiji, wakati nchi yetu ingali chini ya Wabelgiji.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilikuwa haki. Lakini miaka michache tu baada ya 1952 waganga walianza kuandika juu ya wanawake waliokosa hedhi kwa miezi, na wengine waliotoka maziwa bila kuzaa. Hata vipimo vya mimba vya zamani viliweza kudanganywa na dawa hii, vikaonyesha mimba isiyokuwepo. Fikiria mke wa mtu, mume akiwa safarini, anapewa jibu la namna hiyo!

Kwa nini hawakuelewa mapema? Kwanza, hata kabla ya dawa hizo, wanawake wengine waliolazwa walikuwa wakikosa hedhi kwa sababu ya ugonjwa wenyewe au kukonda, kwa hiyo ilikuwa rahisi kulaumu wazimu. Pili, homoni yenyewe ilikuwa imejificha. Prolaktini, homoni inayoleta maziwa, ilionekana kwa sungura huko Strasbourg mwaka 1928. Lakini kwa binadamu wataalamu wengi waliamini haiko peke yake, wakaichanganya na homoni ya kukua. Ni karibu na mwaka 1970 na 1971 ndipo Andrew Frantz na David Kleinberg huko New York, na Henry Friesen huko Kanada, walipoonyesha kwamba ni homoni mbili tofauti na zinaweza kupimwa katika damu.

Hapo jambo likaeleweka. Ndani ya ubongo kuna dopamini, ambayo Arvid Carlsson wa Uswidi alionyesha kazi yake kuanzia mwaka 1957. Dopamini ndiyo breki ya prolaktini. Klopromazini na haloperidoli huifungia dopamini njia. Breki ikilegea, prolaktini inapanda. Mwili unajiona kama wa mama anayenyonyesha: mayai hayakomai vizuri, hedhi inachelewa au inakatika. Damu haijai tumboni wala haipandi kichwani, kama wengine wanavyoogopa. Hatari ya kweli iko kwingine: hali hiyo ikidumu miaka, mifupa hupungukiwa nguvu.

Mimi naona kosa kubwa la miaka ile lilikuwa kutomwuliza mwanamke. Mgonjwa wa akili akisema juu ya mwili wake, nani alimwamini? Na aliyeona mwenyewe kwamba dawa ndiyo imemkatia hedhi aliiacha kimya kimya, kisha ugonjwa ukarudi.

Leo kuna njia. Hedhi ikikatika, apime mimba kwanza, maana kukosa hedhi hakuzuii kushika mimba. Kisha amwambie mganga, bila kuacha dawa ghafla. Mganga anaweza kupunguza kipimo cha dawa au kuibadilisha: risperidoni hupandisha prolaktini sana, lakini aripiprazoli kwa kawaida haipandishi. Valproati, inayotumiwa kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ina njia yake nyingine ya kuvuruga hedhi. Watafiti wa Ufini waliiandika mwaka 1993. Hiyo inaweza pia kumlemaza mtoto tumboni, kwa hiyo binti anayeandikiwa aulize juu ya uzazi siku ile ile, kabla ya kutoka na karatasi ya dawa mkononi.