Mashimo ya Mfalme Sulemani na Wasomaji Wake wa Namtumbo

Riwaya hii ilianza kwa ubishi. Inasimuliwa kwamba Henry Rider Haggard, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi serikalini huko Natal na Transvaal, alimsikia ndugu yake akikisifu kitabu cha Robert Louis Stevenson, Treasure Island. Haggard akasema haoni cha ajabu ndani yake. Ndugu yake akamjibu: basi andika wewe, tuone. Wakawekeana dau la shilingi tano, na mwaka 1885 kikatoka King Solomon's Mines, kitabu alichowatabarukia wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 1929 Frederick Johnson alivitoa vyote viwili kwa Kiswahili, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili sanifu na Allan Quatermain ni marika. Waliingia darasani wakiwa wameshikana mikono.

Nakieleza kitabu hiki kwa sababu kilitugombanisha. Wana-Namtumbo tunaoishi mijini tuliombwa vitabu vya maktaba ya sekondari moja huko nyumbani, tukachanga, na mimi nikapewa kazi ya kuandaa orodha. Katika boksi la kwanza palikuwa na nakala kuukuu ya Mashimo, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Nikaiorodhesha bila kufikiri. Siku mbili baadaye nilikuwa na watu watatu wanaotaka kuzungumza nami, na hakuna hata mmoja aliyekubaliana na mwenzake.

Wa kwanza alikuwa mwenye nakala, mwalimu mstaafu aliyekisoma kitabu akiwa mvulana. "Mwanangu," aliniambia, "mimi kabla ya hicho nilikuwa sijawahi kumaliza kitabu." Hakuwa na hoja nyingine, wala hakuitafuta. Alinisimulia jangwa, kiu, ramani iliyochorwa kwa damu, jiwe zito linaloshuka na kuwafungia wazungu watatu gizani pamoja na almasi wasizoweza kuzila. Mzee wa miaka sabini na ushei alikuwa akisimulia kwa mikono. Graham Greene, ambaye naye alikisoma utotoni, aliandika ukubwani kwamba kitabu hicho kilimshika kuliko vingine vingi vyenye hadhi kubwa zaidi. Ukimsikiliza mwalimu wangu unaelewa Greene alimaanisha nini.

Wa pili alikuwa binti wa shangazi yangu, anayefundisha fasihi. Yeye alitaka kitabu kitoke kwenye orodha. Alinikumbusha yaliyosemwa na Chinua Achebe, kwamba alipokuwa mtoto akisoma riwaya za namna hii alijikuta upande wa wazungu, akiwaombea washinde wale washenzi, bila kutambua kwamba katika hadithi ile mshenzi alikuwa yeye. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya 1986, anawataja Stevenson na Haggard katika orodha ya waandishi waliomlea shuleni na kumpeleka mbali na kwao. "Kaka," alisema, "huyo mwalimu wako alimaliza kitabu. Muulize alikimaliza akiwa nani."

Ni swali zuri. Nililipeleka, na jibu la mzee lilinishangaza. Alisema yeye hakuwa Quatermain hata siku moja. Alikuwa Umbopa.

Kwa asiyekisoma: Umbopa ni yule mtumishi mrefu anayejiunga na msafara, anabeba mizigo, anajibu kwa kiburi kidogo. Walipofika nchi ya Wakukuana, ng'ambo ya milima, anavua nguo na kuonyesha alama ya nyoka kiunoni: yeye ni Ignosi, mfalme halali, ambaye baba yake aliuawa na Twala. Kuanzia hapo hadithi ni yake, hata kama Haggard hakukusudia hivyo. Wakukuana wanazungumza Kizulu cha zamani, wana vikosi na ngao, wanapanga vita kwa mtindo wa kusini. Mvulana wa Kingoni akisoma kurasa hizo katika wilaya ya Songea ya zamani alikuwa anasoma habari za babu zake. Wangoni walitoka kusini hukohuko, wakati wa misukosuko ya enzi ya Shaka, wakasafiri kwa miaka mingi chini ya Zwangendaba hadi Ufipa, na baada ya kifo chake makundi yao yakatawanyika. Mengine yakaja kuishia Songea. Haggard alidhani anawatungia wavulana wa Uingereza nchi ya kubuni. Huku kwetu kilisomwa kama habari za ukoo.

Hata hivyo, Namtumbo si Ungoni tupu. Ni nchi ya Wandendeule pia, na ya Wayao, na bibi yangu mzaa mama, Mndendeule, alikuwa na maoni yake kuhusu hao wenye ngao. Wangoni walipofika waliwakuta watu. Wengine waliwameza, wengine wakahama, wengine wakabaki wakitumikia. Msomaji wa Kindendeule hana sababu ya kumshangilia Ignosi kwa moyo mmoja; anaweza kujiuliza kabla ya Wakukuana milima ile ilikuwa ya nani. Haggard mwenyewe anadokeza kwamba barabara kuu na masanamu ya mawe hayakujengwa na Wakukuana. Jibu lake, bila shaka, ni kwamba yalijengwa na wageni wa kale kutoka kaskazini. Ndivyo watu wake walivyosema pia kuhusu Zimbabwe Kuu, wakatafuta Malkia wa Sheba kila mahali isipokuwa kwa Washona waliokuwa wamesimama mbele yao.

Tukio maarufu kuliko yote ni la kupatwa kwa jua. Wazungu, wakitaka kuwashangaza Wakukuana, wanafungua almanaka, wanaona kwamba kesho jua litapatwa, wanatangaza kwamba watalizima. Linazimika. Watu wanaanguka kifudifudi. Katika chapa ya kwanza Haggard alichanganya elimu ya nyota: giza lilidumu zaidi ya saa nzima, wakati jua zima haliwezi kufichwa hata dakika nane. Kisha usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, jambo lisilowezekana, kwa sababu jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo. Katika chapa za baadaye alilibadilisha jua kuwa mwezi. Msema-kweli wa almanaka hakuwa amesoma almanaka.

Lakini kuna jambo jingine. Tunajua tarehe ambayo Zwangendaba na watu wake walivuka mto Zambezi kuja kaskazini. Ni tarehe 20 Novemba 1835. Tunaijua kwa sababu masimulizi ya Wangoni yanasema jua lilipatwa siku ile, na wanahistoria wakapiga hesabu. Miaka hamsini kabla ya Haggard kuwaangusha Wakukuana kifudifudi, Wangoni wa kweli, na ng'ombe wao na watoto wao, waliona jua likifunikwa mchana. Huenda waliogopa, nani asingeogopa? Walivuka mto.

Nilimweleza binti wa shangazi habari hiyo, nikitegemea itamlainisha. Akasema hiyo ni sababu ya kuwapa watoto historia ya Wangoni, si ya kuwapa Haggard. Kisha akahamia kwa wanawake, na hapo nilinyamaza. Quatermain anajigamba mwanzoni kwamba katika hadithi yake hakuna gauni. Wapo wawili wa kukumbukwa: Foulata, msichana mzuri anayempenda Kapteni Good na kufa kwa wakati unaomfaa mwandishi, akikiri mwenyewe kwamba wao wawili hawafanani; na Gagool, kikongwe mchawi mwenye uso kama wa nyani. Binti wa shangazi anamtetea Gagool. Ndiye pekee katika kitabu kizima anayejua historia ya mashimo. Anawakumbuka wazungu waliotangulia. Anajua wamefuata nini na wataleta nini. Anawapeleka kwenye hazina kwa kulazimishwa, na akiisha kuwafikisha anashusha jiwe. Ukiondoa matusi ya msimulizi, huyo ni mwanamke mzee anayelinda mlango.

Namtumbo tunaye wa kwetu. Nkomanile alikuwa mtawala wa Kitanda, ambayo leo ni kata ya wilaya hii. Maji ya Kinjikitile yalipoingia Ungoni mwaka 1905 yalipitia kwake, akayapokea na kuyapeleka mbele kwa wakuu wengine. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Ungoni pale Songea, naye akiwamo. Katika masimulizi ya Makumbusho ya Majimaji ni mwanamke pekee kati yao. Kwenye vitabu vya shule nilivyosomea mimi, maji yaliyogeuza risasi yalielezwa kwa sentensi moja yenye huruma kidogo na kejeli kidogo. Almanaka ya Good, ambayo ni hila ya kuwatisha watu kwa mambo ya mbinguni, huitwa akili.

Msomaji wa tatu ni mjomba wangu, askari wa wanyamapori wa kijiji katika jumuiya mojawapo ya hifadhi zinazopakana na pori kubwa la kaskazini. Hakupendezwa na mjadala wetu wa rangi na jinsia. Yeye alikuwa na hoja ya jirani. "Mnagombana juu ya Quatermain," aliniambia kwenye simu, "na amezikwa huku kwetu."

Alikuwa na maana yake. Watu wengi huamini kwamba Haggard alimchora Quatermain kwa kumtazama mwindaji Frederick Courteney Selous, aliyekuwa amekwisha kujipatia jina kusini mwa Afrika. Selous aliuawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, akiwa na umri wa miaka 65, akipigana na Wajerumani katika vita ambavyo havikuwa vyetu, na akazikwa papo hapo. Pori la akiba likapewa jina lake. Upande wake wa kusini unaingia wilaya ya Namtumbo. Kaburi lenyewe liko kaskazini, karibu na Rufiji, katika eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kuna mahali katika riwaya pananifanya nimfikirie Selous kila nikisoma. Vita vimekwisha, Ignosi ameketi kwenye kiti chake, wageni wanaaga na mifuko yao ina almasi. Ignosi anawaambia kwamba baada yao hatamruhusu mzungu mwingine kuvuka milima. Hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, wala watu wa sala wanaowatengenezea njia wenzao. Njia imefungwa. Mwaka wa kitabu ni 1885, mwaka ule ule ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika na Kaisari akampa Carl Peters barua ya ulinzi juu ya nchi za huku. Miaka mitano baadaye, 1890, Selous wa kweli aliongoza msafara wa Cecil Rhodes kuingia Mashona, akiwakatia barabara msituni. Boma la Wajerumani likajengwa Songea mwaka 1897. Haggard alimpa mfalme wake wa kubuni uamuzi ambao hakuna mfalme wa kweli aliyeachiwa autekeleze.

Mjomba alikuwa bado hajamaliza. Yeye neno "mashimo" analisikia kila wiki. Katikati ya miaka ya tisini, jirani zetu wa Tunduru waligundua vito, na wanunuzi wakaja mpaka kutoka Thailand. Wachimbaji waliacha mashimo hadi leo. Huku kwetu ni urani ya Mto Mkuju. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Selous usogezwe ili eneo hilo litoke, kipande kisichofikia asilimia moja ya pori zima. Mradi uko chini ya kampuni ya Mantra, na nyuma yake Rosatom ya Urusi. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Namtumbo kuzindua mtambo wa majaribio. Mjomba ana mtoto anayetafuta kazi huko, na ana maswali kuhusu maji ya mto. Vyote viwili anavyo kwa wakati mmoja, na hapendi mtu wa mjini amchagulie kimoja. Kuhusu kitabu alikuwa na sharti: kama kitawekwa, basi kiwekwe ili watoto wafike mwisho, pale Ignosi anapozungumza. "Wengi huishia kwenye almasi."

Mimi nilikibakiza. Sikubaliani na mwalimu kwamba hadithi tamu haina neno; ina maneno mengi, na mengine ni ya kutukana. Sikubaliani pia na binti wa shangazi kwamba mtoto wa Namtumbo atasoma alivyosoma Achebe. Achebe alikuwa peke yake na kitabu. Huyu wetu ana Makumbusho ya Majimaji Songea, ana Kitanda, ana barabara ya Mkuju, na akitaka ana simu ya kutafuta kila jina. Nilichokataa ni kukiweka kwenye rafu ya "hadithi za watoto". Nimekiweka pamoja na vitabu vya historia ya mkoa, na binti wa shangazi akaongeza karatasi mbili alizoandika mwenyewe kuhusu Nkomanile, akazibana kwa pini ndani ya jalada. Mwalimu hakufurahia pini; alisema itatoboa ukurasa wa ramani. Tukatumia gundi.