Mgongo wa Kobe katika Delta ya Nile

Katika delta ya Nile, kule Misri, mna vilima vya mchanga vinavyochomoza katikati ya mashamba. Waarabu wa huko huviita "gezira", yaani kisiwa, ingawa leo havizungukwi na maji. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba mto ukifurika, miji peke yake ndiyo huonekana juu ya maji, kama visiwa vya Aegean. Mafuriko yamekomeshwa na Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970. Jina limebaki.

Wanajiolojia waandikao Kiingereza huvitaja kwa umbo: migongo ya kobe. Naona Kiswahili kishike hilo. "Kisiwa" kitampeleka msomaji wetu kutafuta bahari. "Mgongo" tunautumia tangu hapo kwa ardhi iliyoinuka, na kobe anabeba jambo kubwa zaidi: kinachoonekana ni sehemu ndogo ya mwili wake.

Mchanga huo uliletwa na mto zama za barafu, bahari ilipokuwa chini sana. Bahari ilipopanda, tope likajaza mabondeni, vikasalia vilele. Watu wa kale walijenga na kuzika wafu wao hapo pakavu. Lakini kila furiko liliacha utando wa tope, na makazi ya ubavuni yakamezwa. Ndiyo maana mtafuta mahame haishii kileleni. Hushuka mteremkoni na kupekecha.

Keekee ya mkono huzungushwa, likatoka tope jeusi linalonata, tena tope, kisha kigae cha chungu na punje za mkaa. Mwishowe mchanga wa manjano, wa chembe nene. Mgongo umeguswa. Matundu yakipangwa mstari, kobe mzima hujitokeza kwenye karatasi, na penye tope la kina kirefu kati ya migongo miwili huenda palipita mkono wa mto uliokufa.

Mwanaakiolojia Manfred Bietak, aliyeanza kuchimba Tell el-Dab'a, katika delta hiyo, mwaka 1966, alisoma mistari ya mwinuko katika ramani za zamani akaufuata mkono mmoja wa mto uliokufa, ule wa Pelusium. Hapo Tell el-Dab'a, mji wa Avaris, makao ya wafalme Wahyksos, ulikuwa umetandaa juu ya migongo kando yake. Jirani, Qantir, ndiko ilikokuwa Pi-Ramesses, mji wa Farao Ramesses. Mkono huo ulipojaa tope, mawe ya Pi-Ramesses yalihamishiwa Tanis, na mwanaakiolojia Pierre Montet, alipoyakuta huko yakiwa na jina la Ramesses, akaamini kwamba ameuona mji wenyewe.