Tete ligeuzalo kijito kuwa njia ya moto
Kandokando ya mito na vijito vya California, Marekani, humea tete kubwa lijulikanalo kisayansi kama Arundo donax. Lilipelekwa huko mwanzoni mwa karne ya 19 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuezekea nyumba. Hurefuka kupita mita 6 na hukusanya mabua makavu yanayoshika moto upesi.

Kwa kawaida, mierebi mibichi ya ukingoni hupunguza kasi ya moto wa nyikani. Tete likichukua nafasi yake, kijito hugeuka utambi wa kuufikisha moto kwenye makazi ya watu. Isitoshe, baada ya moto tete huchipuka haraka kuliko mierebi, hivyo kila mkasa huliongezea eneo.

Kulifyeka pekee hakutoshi, kwani uhai wake umo katika mashina yatambaayo chini ya ardhi. Sharti yang'olewe, au visiki vitiwe dawa ya kuua magugu. Aidha, kazi huanzia juu ya mto, kwa sababu kipande kinachosombwa na mafuriko huota tena huko chini. Anayeanzia chini husafisha leo na kuvamiwa upya mvua ijayo.